Kuona minara na alama za kale za bahari Lamu kwa mashua: mwongozo kamili kwa wastaafu wawili

Mombasa ina mnara wa taa unaojulikana na kila mtu, pale Ras Serani. Lamu mambo ni mengine. Huku, kwa karne nyingi, nahodha aliingia bandarini kwa alama za mchana: mnara wa msikiti uliopakwa chokaa, kaburi lenye nguzo, ukuta wa ngome, kichwa cha rasi, milima ya mchanga ya Shela. Taa na maboya vimekuja baadaye, na sehemu kubwa ni kwa ajili ya meli. Basi mume na mke waliostaafu wakitaka kuizunguka Lamu kwa mashua wakitazama kilichowaongoza mabaharia wa zamani, hizo ndizo alama za kufuata. Siku tatu au nne zinatosha, zikipangwa sawasawa.

Safari zinazoharibika huharibika kwa sababu moja: watu huandika orodha ya mahali, kisha wakataka bahari iifuate. Visiwani Lamu maji ndiyo yanayotoa ratiba.

Anza na mwezi

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana, na maji yakijaa hukomea chini ya kimo cha bamvua kwa karibu mita nzima.

Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi yamekupwa kabisa. Wageni wengi humaliza chai na mahamri saa tatu, wakateremka gatini saa nne, wakakuta vijito vyote vimebaki tope. Siku za maji mafu ni kinyume: maji yamejaa katikati ya asubuhi, saa nzuri kabisa, lakini hayana kina cha kutosha kuingia vijito virefu vya mikoko.

Zilizo bora ni siku za katikati. Ukihesabu kwa mwezi wa Kiislamu, kama mabaharia wengi wa hapa wanavyofanya, tafuta tarehe 4 hadi 6, au 18 hadi 20. Maji hujaa kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, na bado yana kimo. Chaguo la pili ni tarehe 11 hadi 13, au 26 hadi 28, maji yakijaa baada ya adhuhuri. Ubaya wake ni jua. Kisha hakikisha kwenye jedwali la maji la mwaka huo. Jedwali huandika saa kwa mtindo wa 08:40, yaani saa mbili na dakika 40 asubuhi. Mwambie nahodha saa hiyo kwa Kiswahili, naye airudie. Mkutano wa "saa nane" umewahi kuachanisha watu wengi na mashua zao.

Jambo jingine la kukariri: maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3. Saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka kama sentimita 25 tu, saa ya pili 50, saa ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Ndiyo maana mtu hutazama kijito saa moja baada ya kujaa, akaona hakijabadilika, akajipa muda zaidi. Akirudi baada ya saa moja na nusu nyingine, mashua imelala ubavu.

Upepo

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi Aprili hadi karibu Oktoba, na katikati kuna matlai, upepo wa majira ya mpito, na vipindi vya utulivu. Kwa wazee, Februari na Machi ni salama, na Oktoba mwishoni hadi Novemba pia. Masika ya Aprili na Mei yana mvua nyingi. Juni hadi Agosti kusi huwa kali: ndani ya visiwa mtasafiri, lakini kutoka nje ya mlango wa Shela, kwenda bahari kuu, ni kutafuta taabu. Upepo unapovuma kuingia huku maji yakitoka, mawimbi husimama wima pale mlangoni, na chombo kidogo hupigwa vibaya. Nahodha akisema "leo nje hapana", jibu ni "sawa, nahodha". Msimbembeleze kwa pesa.

Angalieni pia kalenda ya watu. Wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, mji hufurika, na vyombo na vyumba hupanda bei. Ramadhani mabaharia wamefunga. Safari iwe fupi na imalizike alasiri. Ijumaa msipange kuondoka kati ya saa sita na saa nane.

Kuchagua chombo na kukubaliana

Kuna vyombo vitatu vya kufikiria. Jahazi ni kubwa, limetulia, lina nafasi ya kulala, ila ubavu wake ni mrefu na kupanda ni kazi. Mashua ya tanga yenye mashine ndogo pembeni ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wawili: ina ubavu mfupi, huingia kijitoni, na upepo ukifa mashine inawaka. Boti ya fiberi ni ya haraka na inafaa kwa kisiwa cha Pate, lakini hupiga juu ya mawimbi, na kila pigo huenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mwenye mgongo mbovu au mifupa iliyopungua nguvu akae nyuma karibu na mashine, asikubali kuketishwa omo, yaani mbele.

Nendeni mkakione chombo siku moja kabla, maji yakiwa yamekupwa, kikiwa wazi hadi tumboni. Tazameni haya:

1. Maji ngamani, yaani chini kabisa tumboni mwa chombo. Kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Yakifika juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani, ulizeni kimetiwa kalafati (kuzibwa mianya ya mbao) lini.
2. Jaketi za kuokolea, mbili zinazowatosha nyinyi wenyewe. Zivaeni hapo hapo, mfunge mikanda. Jaketi isiyofungika tumboni haina kazi.
3. Turubai la kivuli. Tanga likiwa juu turubai hushushwa, kwa hiyo ulizeni ni sehemu gani ya safari itakuwa juani.
4. Mashine. Iwashwe mbele yenu, kisha mtazame kijimkondo cha maji ya kupozea kinachoruka nyuma yake. Kikiwa hafifu au hakipo, mfuko wa plastiki au majani ya mikoko yameziba njia, na mashine itaungua kabla ya kufika popote.
5. Vipuri: plagi ya ziada, pini ya pangaboi, kamba ya kuwashia, koleo. Na pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, kwa sababu kijitoni mashine huinuliwa.
6. Mafuta. Hesabu ya kale bado ni sahihi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba.

Bei hukubaliwa kwa chombo, si kwa kichwa, na iseme wazi kama ndani yake mna mafuta, chakula, tiketi za makumbusho na muda wa kusubiri. Muda wa kusubiri ndio unaoleta ugomvi, maana kuingojea bahari ni kazi pia. Toeni sehemu ya mafuta mapema, iliyobaki mkirudi, na mkononi mwa nahodha mwenyewe, si kwa kijana aliyewapokea gatini. Kama hamumjui mtu, waulizeni wenye nyumba mliyofikia au BMU ya hapo, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe.

Kuhusu usalama: hali ya upande wa kaskazini, kuelekea Kiunga na msitu wa Boni, hubadilika. Kabla ya kupita Pate ulizeni polisi wa Lamu, na msisafiri usiku.

Kupanda na kushuka

Hapa ndipo wazee huumia. Baharini kwenyewe mtu ameketi. Ajali hutokea katika ile hatua moja kati ya jiwe na mbao.

Ngazi za gati mjini Lamu ni za mawe. Maji yakijaa, chombo hulingana na ngazi za juu, kavu na safi. Yakipwa, unateremka hadi ngazi za chini ambazo zimeota mwani wa kijani, laini kama sabuni. Kwa hiyo hata siku ambayo hamna pa kukimbilia, pandeni maji yakiwa juu ya nusu. Mkichelewa, ombeni kupandia ufukweni kwenye mchanga, hata kama mtalowa hadi magotini. Kulowa si kuvunjika nyonga.

Namna yenyewe: chombo kifungwe omo na tezi (mbele na nyuma), si kushikwa kwa mkono. Baharia mmoja awe ndani, mwingine kwenye ngazi. Mizigo, fimbo na mkoba vitangulie. Mikono yote miwili iwe mitupu. Msishikane nyinyi wawili, kwani mmoja akiteleza humvuta mwenzake. Mshike baharia kifundo cha mkono naye akushike chako, maana kiganja chenye jasho huchomoka. Ngoja wimbi liinue chombo, kisha vuka kikiwa juu. Mguu usikanyage ukingo. Uvuke ukingo, utue katikati ya chombo kwenye ubao, na hapo hapo keti. Mwenye goti baya atangulize mguu mzima akipanda juu, na mguu mbaya akiteremka chini.

Jambo la heshima linaingia hapa. Bibi anaweza kuona haya kushikwa na baharia asiyemjua. Semeni mapema na nahodha, kwa adabu; atawatafutia kibao cha kupitia, au atamwacha mzee atangulie ndani ampokee mkewe akiwa tayari ameketi. Hakuna atakayecheka. Wamama wa Lamu wanapanda vyombo kila siku wakiwa na mabuibui yao.

Viatu ni vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma. Ndara huachwa topeni, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe.

Mwili

Mashua haina choo. Wazee wengi, hasa wanawake, hutatua hilo kwa kutokunywa maji tangu asubuhi, na kufikia saa saba kichwa kinauma, miguu inakaza, presha inashuka. Msifanye hivyo. Pangeni vituo: nyumbani kabla ya kuondoka, kisha nchi kavu kila baada ya saa mbili. Kwenye jahazi ombeni ndoo na pazia la leso upande wa tezi; mabaharia hugeukia omo bila kuambiwa. Bebeni lita 3 za maji kwa kila mtu kwa siku, na madafu yawe nyongeza tu.

Anayemeza dawa ya presha inayoongeza mkojo amuulize daktari wake kabla ya safari kama anaweza kuichelewesha hadi arudi. Insulini isiwekwe juu ya barafu yenyewe, ifungwe kitambaa ndani ya kikasha. Dawa za kichefuchefu humezwa karibu saa moja kabla ya kuondoka, na nyingi huleta usingizi. Mwenye tezi dume iliyovimba au presha ya macho asizimeze bila ushauri, zinaweza kumzibia mkojo au kumzidishia presha ya macho. Tangawizi na kutazama upeo wa bahari husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Hospitali kubwa iko mjini Lamu. Visiwani kuna zahanati, kwa hiyo dawa zenu ziwe za siku mbili zaidi, katika mfuko usioingia maji.

Godoro jembamba na mto wa mgongo ni mizigo miwili ambayo hamtajuta kuibeba.

Siku ya kwanza: mji, Shela na Ras Kitau

Hii iwe fupi, saa mbili au tatu za alasiri, ya kujaribu chombo, nahodha na viungo vyenu. Ondokeni gati la mjini mkiitazama Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa 1813 na kumalizika 1821. Leo majengo ya mbele yanaiziba kwa sehemu.

Fuateni mkondo kuelekea kusini hadi Shela. Alama kuu ni mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Mnarani, wa 1829, mweupe, mnene chini na mwembamba juu. Mwambieni nahodha azime mashine katikati ya mkondo, kisha mtazame mnara huo dhidi ya milima ya mchanga iliyo nyuma. Chombo kikisogea, mnara nao unasogea juu ya mchanga. Ndivyo alama mbili zinavyofanya kazi: unapoziona zimepangana uko juu ya mstari mmoja tu wa bahari, zikiachana umetoka nje ya mstari. Baharia mzee hufanya hesabu hiyo bila kuitaja. Mwombeni awaonyeshe alama zake mwenyewe. Wengi hufurahi kuulizwa.

Upande wa pili ni Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Geukieni hapo, msitoke nje. Ufukwe wa Shela ndipo vilipopiganwa vita vya Shela, karibu 1812, Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Jeshi zima liliangushwa na jedwali la maji.

Njia ya miguu kati ya Shela na mjini ni kama kilomita 3. Bamvua likijaa sehemu yake hufunikwa, kwa hiyo rudini kwa mashua.

Siku ya pili: Takwa

Hii ndiyo siku yenyewe, ipewe tarehe bora kuliko zote. Takwa, magofu ya mji wa kale, iko Manda, mwisho wa kijito kirefu cha mikoko kinachokaribia kukikata kisiwa vipande viwili. Hakuna haja ya kutoka bahari kuu, lakini bila maji kujaa hamfiki.

Tuseme maji yanajaa saa 2:40 asubuhi. Hesabu irudi nyuma: muwe mdomoni mwa kijito saa 1:40, maji yakiwa bado yanaingia. Kwa mashine ndogo kutoka mjini wekeni dakika 45 hadi saa nzima, kwa hiyo gatini ni saa 12:40, jua linapanda. Kuingia na maji yanayojaa kuna faida ya pili: mkigusa mchanga, ngojeni dakika kumi, maji yatawainua yenyewe. Mkigusa wakati wa kutoka, kila dakika inawazamisha zaidi. Pangeni na nahodha kwamba saa 4:00 chombo kinaondoka, apige kelele saa 3:40. Mkikwama saa tano, maji ya kuwatoa hayarudi kabla ya magharibi: muda wa karibu saa nane nzima topeni, na kurudi gizani.

Tiketi za makumbusho ulizieni mjini siku moja kabla, mlipe huko huko, maana mtandao wa simu Manda si wa kutegemea.

Mji huu ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Wazee wa Shela huuhesabu kuwa kwao, na watu bado huja kuomba dua ya mvua. Vaeni kwa staha, msiketi juu ya kaburi, msiondoke hata na kigae. Tembeeni kwa mpango huu. Kwanza msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Halafu nyumba, ambazo milango yake mingi inaelekea kaskazini, upande wa Makka. Mwisho, nje ya ukuta wa mji, kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683. Likaribieni saa tatu hivi, jua likiwa bado la ubavu na maandishi yakiweka kivuli. Adhuhuri huonekana kama ukuta mtupu. Kwa mwenye nguvu, nyuma ya magofu kuna kijia cha kuvuka milima ya mchanga hadi bahari kuu. Mwenye magoti mabovu abaki chini ya mbuyu.

Chakula kiwe baada ya kutoka kijitoni. Mabaharia huchoma samaki kwenye jiko la makaa lililotulizwa ndani ya sanduku la mchanga. Nanga ikiwa chini na chombo kimetulia, kaeni mbali na jiko, upande wa juu wa upepo.

Pate na Siyu, kwa wenye nguvu

Pumzikeni siku nzima kabla. Njia hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara; mwulizeni nahodha hali yake ya mwezi huo na apange kuupita maji yakijaa. Mkitokea upande wa pili mko ghuba ya Manda, na korongo za bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, ziko mbele yenu. Hapa ndipo mtaona maboya ya kisasa: chombo kinachoingia kutoka baharini huweka jekundu kushoto na la kijani kulia. Meli haiwezi kuwakwepa, wakwepeni nyinyi.

Kwenda mji wa Pate hushukiwa gati la Mtangawanda, kisha bodaboda hadi magofu. Ombeni aende polepole, au mtembee jua likipoa. Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho, ina kijito chake cha mikoko, na masharti ni yale ya Takwa. Ngome yake ya karne ya 19 inatokea ghafla mwisho wa kijito, na ukiiona kutoka majini unaelewa kwa nini majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, yalitaabika hapa miaka ya 1840. Lazima mlale kisiwani. Kwenda na kurudi siku moja ni kwa vijana.

Mkipitia Malindi

Wanaorudi kwa barabara wanaweza kuongeza nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi 1498. Msalaba wake ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, umeshikiliwa na koni ya mawe ya matumbawe. Kwa miguu ni rahisi, ila kwenye ncha mawe yana ncha kali na mawimbi huruka juu yake wakati wa kusi. Kutoka majini, nendeni asubuhi jua likiimulika kutoka mashariki, kwa boti za vioo zinazokwenda hifadhi ya bahari. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba zitapita mbele ya nguzo, kwa kuwa njia yao ya kawaida haifiki huko, na ombeni ngazi ya kupandia. Boti nyingi huwa nayo, imefichwa chini ya kiti.